Mkwe Wangu Ananiita Rosabella

Mshauri wangu Agneta,

Kabla hujanicheka naomba kwanza unisaidie, ukishanisaidia ucheke utakavyo, maana hata mimi ningecheka kama mambo haya yangempata jirani. Mimi ni mama mjane, naishi hapa Kisian, nafuga kuku na ni mmoja wa akina mama wa kanisa, na jambo lenyewe ni kwamba binti yangu amemkimbia mumewe kwa sababu mumewe ana mwanamke mtandaoni, na mwanamke huyo ni mimi.

Ngoja nieleze pole pole. Binti yangu Dorca aliponinunulia simu kubwa ya kugusa nilifurahi sana, na kijana mmoja wa duka la simu akanifungulia Facebook, lakini sikutaka jina langu lionekane kwa sababu mwenyekiti wetu wa akina mama alishatuambia kwamba mjane akionekana Facebook ujue anatafuta bwana, basi nikajiita Rosabella, jina ambalo nimelipenda tangu nikiwa msichana, nikasema naishi Mbita, na kwa kuwa simu ilikuwa inadai picha nikachukua picha ya mwanamke fulani niliyemwona kwenye tangazo la harusi, mrembo, amevaa kofia kubwa na midomo imepakwa rangi nyekundu, nikaiweka. Wanaume wakaanza kunisalimia, lakini kila mmoja nilimjibu kwa mstari wa Biblia na wengi wao hawakurudi.

Mimi nilikuwa naenda kwa ajili ya grupu la wafugaji wa kuku tu. Siku moja vifaranga wangu walianza kusinzia na kuhara damu, nikauliza kwenye grupu, na mtu mmoja anayejiita Bwana Kuku akanieleza dawa gani ninunue na akaniambia nibadilishe maranda sakafuni, nikafanya hivyo na vifaranga wakapona. Nikamwandikia kumshukuru, naye akaniuliza jogoo wangu ni wa aina gani, basi ikawa tabia yetu kila jioni baada ya kufungia kuku tunaandikiana kidogo, mambo ya mayai, mwewe na bei ya chakula. Ni mtu mwenye adabu sana. Aliniambia mama yake alifariki na kwamba jioni ndiyo saa aliyozoea kumpigia simu, na tangu siku hiyo alikuwa akimaliza kwa kuniandikia "usiku mwema, mama," nami namjibu "lala salama, mwanangu." Sioni aibu kusema kwamba nilikuwa naisubiri hiyo saa.

Sasa, Bwana Kuku akaanza kunieleza shida zake. Akasema yeye ni Mkikuyu aliyezaliwa hapa Kisumu, anaishi na msichana wa Kijaluo, wanapendana, ila mama mkwe wake hamtaki kabisa, akienda kumsalimu yule mama hampi mkono, anakimbilia jikoni, chakula analetewa na mtu mwingine na anakula peke yake sebuleni huku picha za marehemu zikimwangalia. Nikamweleza kwamba kwetu hiyo ndiyo heshima, maro, yaani mama mkwe, hashikani mkono na mkwe wake wala hawaonani wakila, lakini akasema heshima gani hiyo, huyu hata jina langu hajawahi kulitaja. Hapo, Mshauri, nilimhurumia, nikamwambia kwamba huyo mama mkwe wako naona ameizidisha heshima, huenda ana majivuno. Ndiyo, niliandika hivyo kwa mkono wangu.

Utaniuliza kama sikushtuka, kwa sababu hata Dorca anaishi na Mkikuyu, kijana anaitwa Mburu, huko Migosi. Lakini Mburu ninayemjua mimi anauza vipuri vya pikipiki mjini, sikuwahi kusikia habari ya kuku, na nyumbani kwake sijawahi kukanyaga kwa sababu mahari bado haijaletwa, na mama wa binti haendi kwa mkwe hivi hivi. Baadaye ndipo nikajua kwamba anafuga nyuma ya nyumba ya kupanga na Dorca alificha asinisikie nikiuliza maswali. Na Wakikuyu waliooa kwetu ni wengi.

Basi Jumapili moja Mburu na Dorca wakaja kunisalimu. Wifi yangu Adongo, dada ya marehemu mume wangu, ndiye huwa anampelekea chakula, mimi nikawa jikoni kama desturi inavyotaka, nikichungulia kidogo dirishani kuona kama mgeni anamfurahia kuku niliyempika. Simu yangu ikalia. Ni Bwana Kuku, amenitumia picha, ameandika, "Tazama mama, hapa ndipo nimewekwa kama mgonjwa wa kuambukiza." Nikaifungua picha. Nikaona mlango wa sebule yangu uko wazi, na nje yake ua wangu, tangi langu la maji la buluu, jogoo wangu asiye na mkia anapita, na huko nyuma kwenye dirisha la jikoni nikaona nusu ya kitambaa changu cha kichwa na jicho langu moja linachungulia. Nilikaa chini juu ya gunia la mahindi. Adongo akaingia akaniuliza kama nimepandwa na presha, nikamwambia ni moshi.

Hapo ndipo nilipaswa kuacha, najua. Lakini nilijiambia kwamba nikinyamaza ghafla atadhani nimekufa kama mama yake, kisha nikajiambia nitafunga akaunti baada ya Krismasi, na Krismasi ikapita. Na nikaona faida yake pia, sitakudanganya. Nilimuuliza kama anakunywa pombe, akaniambia bia moja akiwa anaangalia mpira, nikaridhika. Akaniambia Dorca anazidisha chumvi, nami Dorca alipokuja nikamfundisha upya kupika mboga, na wiki iliyofuata Mburu akamwandikia Rosabella kwa mshangao kwamba chumvi imepungua. Mara moja akataka kunieleza mambo ya chumbani, nikazima simu nikaifukia kwenye mahindi mpaka asubuhi. Na kosa kubwa kuliko yote, aliniuliza mama mkwe wa Kijaluo anapenda zawadi gani, nikamwambia gambuti, vile viatu virefu vya mpira, akauliza saizi gani, nikamwambia kwa kawaida huwa ni sita. Gambuti zikaletwa. Zinanikaa vizuri sana.

Sasa ninafika penye uchungu. Mwisho wa mwezi huu watu wa Mburu wanakuja kwa ajili ya ayie, ile siku mama wa binti anapewa heshima yake na anasema mbele ya watu kwamba amekubali. Mburu hana mama wa kusimama naye, basi akamwandikia Rosabella, "Nataka siku hiyo uwe kando yangu. Bila wewe ningeshakata tamaa." Yaani anataka nije nyumbani kwangu, nikiwa upande wake, nijiombe ruhusa mimi mwenyewe. Kabla sijajua nijibu nini, Dorca alishika simu ya mumewe akaisoma hiyo meseji, akaona ile picha ya kofia. Mburu alimwambia kwamba huyo ni mama tu anayemshauri, naye Dorca akamjibu, "Mama gani huyo ana midomo kama hiyo?" Akafunga nguo zake akaja kwangu.

Yuko hapa tangu juzi, ninapoandika amelala chumba cha pili. Jana alinilalia mapajani akalia mpaka nguo yangu ikalowa, anasema ayie haipo tena, anasema afadhali aachwe sasa kabla hajazaa. Akaniuliza, "Mama, ungekuwa wewe, ungefanya nini na huyo mwanamke?" Na wakati huo huo simu ikatikisika ndani ya blauzi yangu, na baadaye nilipoenda chooni kuisoma ilikuwa ni Mburu, "Dorca ameenda kwao. Mama, nisaidie."

Nikifunga akaunti, Rosabella atatoweka na Dorca ataamini maisha yake yote kwamba alikuwepo mwanamke kweli. Nikinyamaza, ndoa inakufa mikononi mwangu. Nikisema, ni nani atawahi kusikia maro aliyepiga soga na mkwe wake miezi yote hiyo, nitaweka wapi uso wangu, na huyo kijana ambaye sijawahi kumpa hata mkono nitamwangaliaje? Majina yote nimeyabadilisha, unaweza kuchapisha kwa sababu huenda tuko wengi. Nisaidie.

Mama Kuku,
Kisian.

*

Mama Kuku,

Nimecheka, umeniruhusu. Nilicheka kwenye dirisha la jikoni, nikacheka kwenye gambuti, na nilipofika kwenye blauzi inayotikisika nikaacha. Jibu hili nimekutumia kwa simu kabla halijaingia gazetini, kwa sababu umebadilisha majina ya watu wote ukasahau kumbadilisha jogoo. Kisian yote inamjua jogoo asiye na mkia. Kwa hiyo ukiusoma ukurasa huu na hujasema na binti yako, weka gazeti chini uende chumba cha pili sasa hivi.

Wewe unadhani shida yako ni aibu. Hapana, mama. Shida ni kwamba mtoto wako analia kwa ajili ya dhambi ambayo haikutendwa, na dawa ya kilio chake unayo wewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Dorca alikuwa amelalia palepale.

Nikugombeze kwanza, halafu nitakupoza. Jina la kubuni si kosa kubwa, watu wengi wanalitumia na wanauliza habari za kuhara kwa vifaranga kwa amani yao. Mpaka Jumapili ile ulikuwa mjane anayependa kuku. Lakini ulipojiona kwenye picha, na jicho lako moja, ukajua ni nani anayekuandikia naye hajui ni nani anayemsoma, kuanzia hapo ulikuwa unampekua mifuko. Kijana alimfungulia moyo mtu aliyemchagua mwenyewe. Hakukuchagua wewe. Ukamuuliza kuhusu pombe, ukachukua siri ya chumvi yake ukaipeleka kwenye sufuria ya mkewe, ukaagiza viatu. Kama angefanya hivyo mama mkwe wako wewe, ungesema amekuchunguza, na ungekuwa na haki.

Na yule mwanamke wa kofia? Hukumtaja hata mara moja kama mtu. Naye ana kwao, ana watu wanaomjua, na leo kuna nyumba Migosi inayomchukia kwa sababu ya midomo yake. Akikutana na Dorca sokoni Jubilee akinunua nyanya, utamwambia nini? Toa picha hiyo leo.

Halafu usiitupie desturi lawama. Naona unataka kusema kwamba mila ndiyo iliyokuzuia kuongea na mkwe wako, ndiyo maana ukapitia dirisha la simu. Mila ilikuambia ukae mbali kidogo, haikukuambia unyamaze kama jiwe. Mama mkwe wangu alikuwa hampi mkono mume wa binti yake, lakini akiwa nyuma ya mlango alikuwa anamuuliza kama mvua imenyesha kwao na kama mguu wake umepona, na mwanamume yule alijua anapendwa. Wewe ulishika nusu ya mila, ile ya kukimbilia jikoni, ile nusu nyingine ukaiacha. Kijana ambaye hakulelewa kwenu angejuaje?

Sasa nakupoza. Sijasoma meseji zenu, lakini nimesoma barua yako, na humo sijaona mwanamke mbaya. Nimeona mtu ambaye jioni ilikuwa ndefu kwake na akapata kijana ambaye jioni ilikuwa ndefu kwake pia. Vifaranga walipona kweli. Usiku mwema ulikuwa wa kweli. Jina na kofia ndivyo vilivyokuwa vya uongo, na hivyo viwili vinaondoka kwa urahisi.

Fanya hivi. Usifute kitu chochote, hata kile cha majivuno ya mama mkwe. Kila neno uliloandika linaonyesha kwamba Mburu hakuwa na mwanamke. Mkalishe Dorca, mpe simu mkononi, mwambie, "Rosabella ni mimi," kisha kaa kimya umwache asome kutoka mwanzo. Usimweleze wakati anasoma. Usiseme ulifanya kwa ajili yake, maana gambuti hazikuwa kwa ajili yake. Akifika kwenye chumvi atakasirika, akifika kwenye kitambaa dirishani huenda akacheka, na ikiwa hatacheka leo usimlazimishe.

Kwa Mburu usiandike tena kama Rosabella, hata neno moja la kuaga. Najua ameomba msaada na anasubiri, ndiyo maana nasema ufanye leo, asilale usiku mwingine akiitazama simu. Dorca arudi Migosi pamoja na wifi yako Adongo. Mila yenu ina mtu wa kati kwa ajili ya mambo kama haya, na huyo Adongo amekuwa akibeba sahani kati yenu muda wote huu, sasa abebe na maneno. Aende na simu yako, akamweleze kijana ukweli wote, na akuombee msamaha kwa jina lako halisi. Huenda Mburu akaona haya kuliko wewe, na anaweza kukasirika, maana mama aliyempata amempotea mara ya pili. Mpe nafasi. Akitaka ayie isogezwe mbele, isogezwe. Akitaka meseji zifutwe, ni zake pia, zifutwe mbele yake.

Upande wa Mburu siku ya ayie asimame shangazi yake au jirani wa mama yake, mtu aliyemjua marehemu. Wewe una kiti chako na hakitoshi watu wawili.

Ukitaka kurudi kwenye grupu, rudi, kuku hawana kosa. Ingia kwa jina ulilobatizwa na uso wako na kitambaa chako. Mwenyekiti wa akina mama akisema unatafuta bwana, mwambie unatafuta chanjo ya kideri. Gambuti usizirudishe, utamwumiza aliyezinunua. Zivae bandani, lakini usiagize kitu kingine.

Na jambo la mwisho, ambalo ndilo nalikazia kuliko yote. Umeniuliza utamwangaliaje kijana ambaye hujawahi kumpa mkono. Usimpe mkono, mama, wala usimkazie macho, desturi yako iheshimu. Siku atakapokuja, wewe kaa jikoni kwako kama kawaida. Lakini mlango wa jikoni uache wazi, na akiisha kukaa sebuleni, mwulize kutoka hukohuko, kwa sauti ambayo Adongo na Dorca wataisikia, kama kuku wake wa Migosi hawajambo. Atajua. Halafu kabla hajaondoka liseme lile ulilomwandikia kila jioni ukiwa umejificha. Rosabella amemwita mwanangu mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Wewe hujamwita hata mara moja. Mwite.

Agneta